Mkwe aliniuliza, "Tembo huyu umemwona wapi?"

Mama, shikamoo.

Mimi ni mchoraji wa picha za mtindo wa tingatinga, nina miaka 38. Asili yetu ni Tunduru, ila nimekulia Dar es Salaam kwa baba yangu mdogo, na yeye ndiye aliyenitia brashi mkononi nikiwa darasa la sita. Tangu hapo sijafanya kazi nyingine. Tembo, twiga, pundamilia, simba chini ya mbuyu, Kilimanjaro kwa nyuma. Siku ikiwa nzuri, adhuhuri inanikuta nimemaliza picha moja ndogo na nimeshapiga rangi ya chini kwenye nyingine. Nimesomesha wadogo zangu wawili kwa kuchora tembo, wala sioni aibu kulisema.

Mwaka jana mama mkwe wangu, anayeishi Wete, Pemba, alipata kiharusi. Mke wangu ndiye binti pekee. Mimi mwenyewe nilisema twende tukamuuguze, kwa kuwa kazi yangu inabebeka. Nikafunga rangi na brashi, nikakata vitambaa vya kutosha, tukapanda boti na watoto. Tulikubaliana na mnunuzi wangu wa Dar kwamba nitakuwa namtumia mzigo kila mwezi.

Wiki ya pili niliketi barazani nachora oda ya tembo. Mama mkwe alikuwa kitandani pale karibu, upande wa kulia haufanyi kazi, maneno yanamtoka kwa shida. Alinitazama muda mrefu sana. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, tembo huyu umemwona wapi?" Hakuwa ananisuta, Mama. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nikafungua mdomo nimjibu, nikakosa jibu. Nimechora tembo maelfu, na sijawahi kumwona hata mmoja. Nilimpata kwa baba mdogo, naye alimpata kwa mwalimu wake.

Baada ya siku ile mkono uligoma. Nilikaa miezi minne bila kumaliza picha. Nilikwenda ufukweni na karatasi mara kadhaa, kwa sababu watu wa Dar walikuwa wananipigia simu, "Wewe uko kisiwani, utapata mawazo mapya." Nilichora dau na jua linazama. Nilipoiangalia nikaona nimeshaiona kwenye maduka mia.

Halafu ukaja msimu wa karafuu. Jioni moja napita mtaani, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi pande zote mbili za njia. Wingu likaja ghafla. Bibi mmoja akapiga kelele, "Mvua hiyo!" na mtaa mzima ukatoka mbio. Mtu akanisukumia pembe ya jamvi, nikashika. Pembe nyingine alishika mtoto wa shule na sare yake, nyingine mzee, nyingine mama mwenye kanga ya manjano. Tulipolinyanyua nikaona ndani. Katikati karafuu za siku tatu, kahawia ya kuiva kabisa. Pembezoni zilizochumwa siku hiyo, kijani chenye wekundu. Na mikono minne inavuta. Matone ya kwanza yakatupata tunaingia ukumbini.

Usiku uleule nilichora. Rangi zilezile za kung'aa, nukta zilezile alizonifundisha baba mdogo, ila hakuna mnyama. Jamvi limeonwa kutoka juu, na mikono. Katika mwezi mmoja na nusu nimechora picha kumi na moja, na tangu nizaliwe sijawahi kufanya kazi nikiwa na hamu namna hii.

Sasa matatizo. Nilimtumia mnunuzi picha tatu kwa simu, akajibu, "Kaka, haya ni mazulia? Nitumie tembo." Fedha zinakwisha. Shemeji yangu ameanza kusema mume wa Kibara amekuja kukaa. Jirani mmoja mcha Mungu amenishauri nisichore sura za watu, na yule mama wa kanga ya manjano amesikia kwamba yumo kwenye picha, sijui amelichukuliaje. Na baya zaidi, baba mdogo bado yu hai. Nikiacha tembo, nitamtazamaje? Au nirudi Dar, niwaache mke na watoto hapa, niwe natuma matumizi?

Nisaidie, Mama.

Mchoraji, Wete

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza, na Mungu amsimamishe mkweo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile sehemu ya jamvi nimemsomea mjukuu wangu kwa sauti.

Dar usirudi. Hilo nalitanguliza kwa kuwa ndilo dogo. Mlikwenda kuuguza, na mgonjwa bado ni mgonjwa. Mkeo akibaki peke yake na mama aliyelala, watoto, na maneno ya kaka yake, hutakuwa na amani ya kuchora tembo wala karafuu. Fedha tutazungumza.

Lile linalokukaba hasa ni baba mdogo. Unajiona unamsaliti. Nikurudishe kwenye chanzo cha kazi yenu, maana naona mmefundishwa mkono mkasahauliwa kusimuliwa safari. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko huko kwenu Tunduru. Alitoka kijana kutafuta maisha, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaingia Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani na mtunza bustani wa Mzungu. Alipoanza kuchora, yapata mwaka 1968, hakuwa na duka la rangi za wasanii wala chuo. Alichukua ubao mwembamba wa kuezekea dari na rangi ya kupakia baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyokuwapo. Akachora wanyama wa nchi aliyotoka, akiwa mgeni mjini. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa. Hesabu mwenyewe, ni miaka minne tu. Mtindo mzima unaolisha familia hadi leo ulitoka katika miaka minne ya mtu aliyehama kwao, akashika kilichokuwa karibu na mkono wake, akachora anachokijua.

Sasa nawe umehama kwenu. Umeshika rangi zilezile. Umechora kitu ambacho pembe yake ulikuwa umeishika. Niambie msaliti yuko wapi hapo. Mimi nakuona umemkaribia yule mzee kuliko ulivyokuwa Dar, ukichora tembo aliyepita mikono ya wengine kabla hajafika kwako. Sisemi baba mdogo alikosea. Alikupa nukta, alikupa mstari wa pembeni usiotetemeka, alikufundisha rangi ipi itangulie na ipi isubiri, na akakupa ugali. Hivyo vyote bado unavyo. Mpigie simu umwambie mwenyewe, kabla hajasikia kwa mnunuzi. Mwambie habari ya mkweo na lile swali. Wazee wa kazi za mikono nawajua. Wanaumia wakifichwa, hawaumii wakisimuliwa.

Nami nina changu katika hili. Nimezaliwa Pangani, na bibi yangu alinifundisha kusuka ukili, ule mkanda wa kushonea mkeka, kabla sijajua kusoma. Niliolewa Unguja, kusini, nikaenda na ufundi wangu wa Pangani nikidhani nitawaonyesha watu. Nilisuka mkeka mmoja, nikauona umekaa kama mgeni pale sebuleni. Mwaka mzima uliofuata sikusuka mkeka. Nilikaa na wanawake wa pale nikichana miyaa tu, yale majani ya kusukia, nawachagulia chane pana na nyembamba, nasikiliza wanavyoyaita mapambo yao: hili jina la samaki, hili jina la mtu aliyefumaniwa. Mkono ulianza wenyewe baadaye. Ukili ni uleule wa bibi, kingo ni za bibi, lakini rangi na mapambo nimeyapata kwa kukaa na watu. Kwa hiyo miezi yako minne usiihesabu kuwa ni hasara. Ulikuwa unachana miyaa.

Nakupongeza pia kwa kuiona ile picha ya dau na machweo. Watu wengi wanahamia visiwani wanakamatwa pale. Wanaambiwa kisiwa kitawapa mawazo, wanakaa ufukweni wanasubiri yaje na maji. Ufuo, mnazi na tanga ni tembo wa baharini, mwanangu. Vimeshachorwa na watu wasiojua kama maji yanajaa au yanakupwa. Kuna Mfaransa mmoja mashuhuri, Paul Gauguin, aliyekwenda Tahiti mwaka 1891 akitafuta watu wasioguswa na Ulaya. Alikuta Wafaransa wameshatawala na wamisionari wameshajenga. Akachora Tahiti aliyokuwa ameitamani, na sanamu za Asia akazitoa kwenye mapicha aliyobeba kutoka kwao. Akaishi na wasichana wadogo wa kule, watoto wa miaka 13 na 14, akawachora. Rangi zake ni nzuri kupita kiasi, na hilo silikatai. Lakini kila ninapoziona picha zile nawafikiria wale mabinti, kama kuna aliyewauliza. Alifia visiwa vya Marquesas mwaka 1903.

Ndiyo maana namchukulia kwa uzito yule mama wa kanga ya manjano. Nenda kwake na mkeo, si peke yako. Beba picha ikiwa imekauka. Mwambie, "Bibi, siku ile ya mvua sikuisahau, nimeichora, na huu ni mkono wako. Ukitaka ibaki itabaki, ukitaka niufute nitaufuta." Na akisema futa, ufute mbele yake. Nadhani hatasema, lakini uamuzi ni wake. Kuhusu sura za watu, fatwa mimi siwezi kutoa. Kamwone mwalimu wa madrasa wa mtaa wenu, umsikilize kwa adabu, na ujirani uwe mwema. Ninaloliona kwa jicho la kazi ni kwamba picha zako hazina sura hata moja, na hazijapungukiwa na kitu. Mkono wa mtu anayevuta jamvi unasema umri wake, kazi yake, na haraka aliyonayo. Kaa hapohapo kwenye mikono mpaka wewe mwenyewe uone umemaliza.

Na usiishie kwenye karafuu, kwa sababu msimu utakwisha na mtaa utakuwa mtupu, na nisingependa mkono ugome tena. Hapo ulipo kuna kazi nyingi za kutazama. Nenda unakochongwa dau, ukae siku nzima uone fundi anavyoziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta. Nenda Ngezi, msitu ule mnene huko kaskazini. Ukitaka mnyama, na mchoraji wa tingatinga hawezi kukaa bila mnyama, nenda Kidike ukawatazame popo wa Pemba. Ni popo wakubwa wasiopatikana kwingine duniani, mchana wananing'inia kwa mamia kwenye miti, wamejifunga mabawa kama watu waliojitanda kaniki. Kitu kimoja kinachojirudia mara mia, kila kimoja na ulegevu wake, mabaka ya mwanga katikati: nukta zako zilitengenezwa kwa ajili ya hawa. Na ukisikia kijiji kina mchezo wa ng'ombe, usikose. Lakini nenda kwanza mara moja bila karatasi.

Soma pia ardhi. Umeshajiuliza kwa nini karafuu zimejaa Pemba kuliko Unguja? Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikang'oa mikarafuu mingi, Pemba ikanusurika, na tangu hapo ndiyo ikawa shamba la karafuu la Visiwa. Mbio zile za jioni kukimbiza jamvi zisiloe zina miaka mia na zaidi. Karafuu ikilowa inavunda na bei inaanguka, ndiyo maana hata mtoto wa shule anaacha begi chini anashika pembe. Ukijua hilo, utajua mikono ile inavuta kwa nguvu kiasi gani, na brashi yako itajua.

Haya, fedha. Hapa sitaki kukudanganya. Watoto hawali karafuu zilizochorwa. Chukua oda za tembo kiasi cha kulipa ada na chakula, uzifanye asubuhi, siku tatu kwa wiki, kwa mkono safi, bila kuzidharau. Alasiri, mwanga unapolegea, na zile siku nyingine, ni za kazi mpya. Usizichanganye mezani. Ukianza kumtia tembo kwenye jamvi la karafuu ili mnunuzi afurahi, utaharibu vyote viwili. Na shemeji mpe hesabu: kaa naye, umwambie oda ngapi unafanya, zinaingiza kiasi gani, na kiasi gani unatia kwenye dawa za mama. Mtu akiona unatoka asubuhi kukaa barazani na kopo la rangi haoni kazi, anaona kupumzika. Akijua hesabu atanyamaza, na asiponyamaza mkeo atakuwa na la kumjibu.

Mnunuzi wako usimkasirikie. Yeye anauza kwa mgeni aliyetoka mbugani na anayetaka kukumbuka mbuga. Picha zako haziwezi kuuzwa na mtu asiyejua jamvi ni nini, akaliita zulia. Zinahitaji macho mengine. Fikisha picha ishirini kwanza, kisha zibebe mwenyewe hadi Unguja. Mji Mkongwe una maduka ya picha njia nzima, mengi yamejaa twiga wale wale, na mwenye duka mwenye akili anajua mgeni wa Zanzibar amenusa karafuu, hajaona twiga. Pita pia kwenye mahoteli yanayopamba kuta zao upya. Nenda na picha, usitume za simu. Rangi ya kung'aa kwenye simu inakuwa mwako tu. Na bei isiwe ya tembo. Tembo unayemaliza kabla ya adhuhuri ana bei yake, na picha uliyoichora siku nne ina yake.

Kuna jambo dogo la kiufundi ambalo hukuliuliza. Hewa ya kisiwani ina unyevu. Rangi ya mafuta inaweza kuchelewa kukauka, na ukiikunja mapema itagandana, ukiifungua inabanduka na ngozi. Ilaze pahali pakavu penye upepo, uipe siku nyingi kuliko unavyodhani inahitaji. Ukiikunja kwa safari ya boti, kunja kwa kipenyo kikubwa, upande wa rangi uwe nje, na juu yake karatasi safi. Mbao za dari uziache, zinavimba. Kitambaa kitakutosha.

Mwanamke aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, Lubaina Himid, alichukuliwa Uingereza akiwa na miezi minne tu, baba yake alipofariki. Huko amekuwa mchoraji mkubwa, na mwaka 2017 alishinda tuzo ya Turner, ambayo ni kubwa kwa wasanii wa nchi ile. Ukitazama kazi zake utakutana na kanga, pamoja na maandishi yake. Kisiwa alichoishi miezi minne kimemfuata maisha yote. Wewe unakaa mahali ambapo kanga inapita mlangoni kila saa ikiwa na neno lake. Ile kanga ya manjano, hukuniambia iliandikwa nini. Kamuulize mwenyewe siku mtakayokwenda.

Na tembo. Siku mgonjwa akipata nafuu na ukapata safari ya Dar, ongeza siku mbili. Panda basi la Iringa, uombe kiti cha dirishani. Barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kilomita kama 50, na tembo mara nyingi wanaonekana kutoka ndani ya basi, bila kiingilio. Usipige picha. Mtazame anavyoweka mguu, ngozi yake ina rangi gani kweli akiwa amejipaka vumbi, sikio lina uzito gani. Ukirudi Wete mchore mmoja, ukubwa wowote, umtundike pale mkweo anapoweza kumwona akiwa amelala.

Wasalaam,
Mama